Homa Iliisha, Figo Zikabaki Vitani



Mwezi uliopita nilipanda treni pale Miritini, ile ya asubuhi inayosimama kila stesheni, nikateremka Athi River na kuingia matatu hadi Kitengela kumjulia hali mpwa wangu. Ni mtoto wa dada yangu mkubwa, ana umri wa miaka 27. Alihama Mombasa kufuata kazi ya cherehani kwenye viwanda vya EPZ, akaolewa huko huko na kijana wa kwetu anayeuza viatu vya mtumba. Anayedhani Kitengela ni ya Wamasai na ng'ombe pekee, basi aende siku ya Ijumaa baada ya swala asikilize lafudhi zinazotoka msikitini.

Nilimkuta amekaa mkekani anachagua mchele. "Shikamoo mjomba." Nikamwitikia, nikamtazama usoni, kisha nikatazama pembeni. Mashavu yalikuwa yamefura kama ya mtoto mchanga. Akacheka. "Ni dawa hizi mjomba, usidhani nimenenepa."

Mpwa wangu anaumwa figo. Hakuumizwa na sukari wala hakuwa na presha ya siku nyingi. Figo zake zimeshambuliwa na kinga ya mwili wake mwenyewe, ile ile iliyoumbwa imlinde. Na kila mtu katika familia yetu ana maelezo yake ya jinsi jambo hili lilivyoanza. Dada yangu anasema ni jicho. Mama mkwe wake analaumu maji ya visima vya Kitengela. Kaka yake anasema ni chanjo ya korona ya mwaka 2021. Mimi si daktari, nina diploma yangu ya mambo ya jamii na masikio mawili, lakini nimekaa na waliosomea, nimeuliza hadi wakachoka nami, na nimesoma nilichoweza kukisoma. Naandika kwa sababu maelezo ambayo hakuna aliyeyafikiria nyumbani kwetu ndiyo yaliyo karibu zaidi na ukweli: huenda kilichoanzisha vita hivi ni homa ya virusi, tena homa iliyokuwa imeshapoa.

Ilikuwa Julai ya mwaka jana, msimu ule ambao Kitengela baridi yake hupenya mpaka ndani ya blanketi. Yeye na wenzake wanne wa laini moja kiwandani walishikwa na homa, koo likawauma, tezi za shingo zikavimba. Wakanywa panadol na maji ya ndimu, wakalala. Baada ya siku kumi wale wanne walikuwa wamerudi kwenye cherehani zao. Homa ya mpwa wangu nayo ilitoka, ila yeye hakurudi alivyokuwa. Vidole vilimuuma asubuhi hata akashindwa kufunga vifungo. Nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Akatoka vipele vya kuiva kwenye mashavu na juu ya pua, vikizidi kila akitembea juani.

Kliniki moja ya mtaani, ambayo sitaitaja, ilimwambia ana malaria na taifodi. Ilimwambia hivyo mara tatu. Kila mara alitoka na sindano ya maumivu na mfuko wa tembe. Mtu wa Pwani akienda bara akiumwa huambiwa ni malaria kabla hajakaa kitini, na naamini wengi wenu mmeyaona hayo. Ikafika Septemba, akawa anaamka macho yamefura, miguu jioni imejaa maji, na mkojo unatoa povu kama la sabuni ya kufulia.

Kilichomwokoa ni safari ya soko. Mumewe alikuwa akienda Kajiado mjini kuuza viatu, naye akamfuata ili asibaki peke yake nyumbani. Njia ni ile barabara ya Namanga, mnapita Isinya, si mwendo mrefu. Huko akazidiwa, akapelekwa kwa muuguzi. Mama yule hakuanza na damu wala sindano. Alimpa kikopo cha mkojo, akachovya kijiti chenye vibox vya rangi, akasubiri kama dakika mbili. Kibox cha protini kikageuka kijani kabisa, na cha damu vile vile. Akampima presha, ikawa 160 kwa 100, kwa msichana mwembamba wa miaka 26 wakati ule. Akamwandikia barua ya kwenda Nairobi siku hiyo hiyo. Huko alipimwa damu, akachomwa sindano ya mgongoni kutolewa kipande kidogo cha figo kikaangaliwe kwa darubini, na jibu likaja: lupasi, iliyoingia kwenye figo.

Lupasi ni ugonjwa ambao kinga ya mwili hutengeneza silaha dhidi ya seli za mwenyewe. Kati ya kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake, na wengi huanza kuumwa katika umri wa kuzaa. Huweza kugusa ngozi, viungo, damu, moyo, mapafu. Ukigusa figo ndipo unapotisha, na kwa watu wenye asili ya Kiafrika hugusa figo mara nyingi zaidi na kwa ukali zaidi.

Sasa swali ambalo shemeji yangu aliniuliza kwa simu, na ni swali zuri: homa ya koo inafikaje kwenye figo?

Jibu ni kwamba si lazima ifike. Virusi vinaweza kubaki kooni, au kwenye ini, au ndani ya chembe za damu, na figo zikaumia tu. Kwanza tuelewe figo yenyewe. Kila moja ni ya ukubwa wa ngumi, na ndani yake mna vichujio vidogo sana, kama milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo hupitisha kiasi cha lita 180 za maji kutoka kwenye damu, karibu zote zikarudishwa, na lita moja na nusu au mbili hivi ndizo zinazotoka kama mkojo. Mfikirie mama anayechuja tui kwa kifumbu. Tui linapita, machicha yanabaki. Kifumbu kikiwa kizima, hakuna machicha katika tui. Kikitoboka, au kikizibwa, kazi imeharibika. Protini ya damu ndiyo machicha yetu: haitakiwi ipite. Povu kwenye mkojo wa mpwa wangu lilikuwa ni protini iliyopita kwenye kifumbu kilichotoboka. Na protini ikipungua kwenye damu, maji hayakai tena mishipani, yanavuja kwenye miguu na kope. Ndiyo ule uvimbe.

Hapo kwenye kifumbu, kinga ya mwili inaweza kuleta balaa kwa njia zaidi ya moja.

Njia ya kwanza ni ya takataka za vita. Virusi vikiingia, mwili hutengeneza kingamwili, vitu vidogo vinavyovishika virusi na kugandamana navyo. Kwa kawaida mavundevunde hayo huzolewa na kumalizwa. Lakini virusi vikiwa haviishi, vikikaa mwilini miaka, mavundevunde yanakuwa mengi, yanazunguka na damu, na mahali yanapokwama ni kwenye chujio. Yakikwama, askari wengine wa mwili wanakuja kuyashambulia pale pale yalipo, na kifumbu kinaungua pamoja nayo.

Hili si la kubuni, na sisi Afrika Mashariki tulilijua mapema kupitia mdudu mwingine. Pale Mulago, Kampala, daktari Mganda John Kibukamusoke alishughulika miaka mingi na watoto waliofura mwili mzima, na mwaka 1973 akatoa kitabu kizima kuhusu jinsi aina moja ya malaria, ile ya homa ya kurudi kila baada ya siku tatu, inavyoharibu figo kwa njia ya kinga. Malaria si virusi, lakini darasa ni lile lile: mdudu yuko kwenye damu, jeraha liko kwenye figo, na aliyelifanya ni askari wetu.

Kwa upande wa virusi, mfano ulio wazi kabisa ni homa ya ini aina ya B. Virusi hivi hukaa kwenye ini, na kwa watoto hasa huweza kusababisha ugonjwa wa figo wa namna hiyo ya mavundevunde. Tunajuaje kwamba ni virusi kweli na si bahati mbaya ya watu wawili kukutana njiani? Kwa sababu virusi vilipozuiwa, ugonjwa wa figo ulipungua. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga nchi nzima mwaka 1984. Afrika Kusini ikaanza mwaka 1995, na madaktari wa Durban waliokuwa wakiwatibu watoto wenye figo za aina hii wakaona idadi yao ikishuka miaka iliyofuata. Hakuna aliyewachanja watoto wale dhidi ya ugonjwa wa figo. Walichanjwa dhidi ya homa ya ini.

Kenya iliingiza chanjo hiyo katika chanjo za kawaida za watoto mwishoni mwa mwaka 2001. Hesabu mwenyewe. Mtu aliyezaliwa kabla ya hapo, na mimi ni mmoja na mpwa wangu ni mmoja, hakuipata akiwa mtoto. Yeye alipimwa Nairobi akakutwa hana virusi hivyo, alhamdulillahi, na kwa hiyo kisa chake si hiki. Lakini ukitaka kujua ni wapi penye ushahidi mzito kuliko kote kwamba virusi huumiza figo kupitia kinga, ni hapa.

Njia ya pili ni ya kufananisha. Askari wa mlangoni ameambiwa amshike mtu mwenye kofia nyekundu. Mwizi akashikwa, mambo yakaisha, lakini askari hakuambiwa aache. Kesho anapita muadhini na kofia yake nyekundu, anashikwa naye. Baadhi ya virusi vina vipande vinavyofanana na vipande vya seli zetu. Kingamwili iliyofundishwa kumshika mgeni inamshika mwenye nyumba.

Mfano wa kale unaotajwa sana ni wa mwaka 1919. Daktari Mmarekani Ernest Goodpasture aliandika kuhusu kijana wa miaka 18 aliyeugua katika ile homa kubwa ya mafua ya 1918, ile iliyoingia Kenya kwa kupitia bandari yetu ya Mombasa. Kijana alionekana kupona mafua, kisha akatema damu, figo zake zikaharibika, akafa. Baadaye ugonjwa ambao kingamwili hushambulia utando wa mapafu na wa figo kwa pamoja ukapewa jina la Goodpasture. Wataalamu bado wanabishana kama kijana yule kweli alikuwa na ugonjwa huo au kitu kingine, wala hakuna aliyethibitisha kwamba mafua ndiyo yaliyouwasha. Lakini tangu wakati huo madaktari hawakuacha kuuliza: kwa nini magonjwa haya mara nyingi yanakuja nyuma ya homa?

Njia ya tatu ndiyo inayomhusu zaidi mpwa wangu, na inaanzia tena Kampala. Miaka ya 1950, daktari mpasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Mulago, aliona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, aina ya saratani. Vipande vya uvimbe huo vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani yake virusi ambavyo havikuwa vikijulikana. Vikaitwa virusi vya Epstein-Barr. Leo tunajua kwamba zaidi ya watu tisa kati ya kumi duniani wanavyo. Vinaambukizwa kwa mate, na kwetu Afrika watu wengi huvipata wakiwa wadogo sana, bila hata kuugua ikajulikana. Vikishaingia havitoki. Vinajificha ndani ya zile chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili.

Hebu fikiria, mwizi anajificha ndani ya kituo cha polisi!

Mwaka 1997 watafiti huko Oklahoma walipima vijana 117 wenye lupasi. Walikuta 116 kati yao wamewahi kuambukizwa virusi hivyo, wakati katika vijana wenzao wasio na lupasi ilikuwa kama saba katika kila kumi. Wataalamu pia wameonyesha kwamba kipande kimoja cha virusi hivi kinafanana na vitu vilivyo ndani ya seli zetu, vile vile ambavyo mwili wa mwenye lupasi huvishambulia. Na mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliangalia chembe zenyewe moja moja. Kwa mtu mzima wa afya, chembe zenye virusi hivyo hazifiki moja kati ya 10,000. Kwa wenye lupasi ilikuwa kama moja kati ya 400, na virusi vilikuwa vimeziamsha hasa zile chembe zenye tabia ya kushambulia mwili, ambazo kwa kawaida hulazwa usingizi.

Sasa tuwe wakweli. Mpwa wangu ni mtu mzima wa Mombasa, bila shaka alipata virusi vya Epstein-Barr akiwa bado anatambaa. Kwa hiyo homa ile ya Julai huenda ilikuwa virusi vingine kabisa, mafua tu ya kawaida. Mafua hayahitaji kufanana na kitu. Kila virusi vinapoingia, mwili hupiga king'ora kwa kumwaga kemikali za tahadhari, na kwa mtu ambaye tayari ana askari wakorofi waliolala, king'ora hicho chatosha kuwaamsha. Daktari wake aliniambia hivyo hivyo, kwamba inawezekana, na kwamba hakuna kipimo cha kuthibitisha leo ni virusi gani vilivyokuwa kooni mwake mwaka jana. Nilimheshimu kwa kusema hivyo. Waliompima taifodi mara tatu hawakuwa na shaka hata kidogo.

Sisi wa Pwani tusione ajabu kwamba homa inaweza kwisha na maumivu yakabaki. Tunaijua chikungunya. Jina lenyewe ni la lugha ya Wamakonde, la kumwelezea mtu aliyekunjamana kwa maumivu, na ugonjwa ulitambuliwa kwao kusini mwa Tanzania mwaka 1952. Ulipoingia Lamu mwaka 2004, uchunguzi uliofanywa baadaye ulikuta dalili za maambukizi kwa watu 75 katika kila 100 waliopimwa. Mombasa ikaonja kuanzia mwisho wa 2017. Sote tunamfahamu mtu ambaye homa ilimtoka kwa wiki moja, na miezi sita baadaye alikuwa bado anashuka ngazi kinyumenyume. Homa ilishaondoka zamani. Wengi hupoa hatimaye. Lakini ni ushahidi wa macho kwamba mwili unaweza kuendelea kupigana baada ya adui kuondoka.

Na kwa nini yeye, na si wale wanne wa laini moja? Hili ndilo lililomliza dada yangu. Virusi ni kiberiti tu. Wanne hawakuwa na kuni kavu. Kuni ni urithi wa damu, si wa jini moja bali wa mengi madogo madogo, pamoja na homoni za kike, jua kali, na mambo mengine ambayo sayansi bado inayachimbua. Hakufanya kosa lolote. Hakula vibaya, hakutembea usiku, hakuvuka kivuli cha mtu. Nilimwambia dada: dua iendelee, na kombe kama moyo wake unataka, mimi simkatazi mtu kumuomba Mola wake, ila tembe zisikose hata siku moja, na hayo maji ya kombe yahesabiwe katika kipimo cha maji alichopewa na daktari.

Maji ya Kitengela? Visima vingi vya Kajiado vina floraidi nyingi, na ndiyo maana unaona meno ya rangi ya hudhurungi kwa waliokulia huko. Huharibu meno, na ikizidi sana hata mifupa. Lupasi haiji kwa njia hiyo. Chanjo ya korona nayo, wapo watu wachache walioripotiwa duniani ambao ugonjwa wa figo wa kinga ulijitokeza au kurudi siku chache baada ya sindano, na kuficha hilo ni kujivunjia heshima. Lakini yeye alidungwa 2021 na akaugua 2025. Na korona yenyewe, kama virusi vingine, nayo imeamsha magonjwa haya haya.

Nisije nikawafanya muone virusi kila mahali. Mtoto mwenye vidonda vya ngozi au koo, akakojoa mkojo wa rangi ya strungi wiki moja hadi tatu baadaye au zaidi, mara nyingi chanzo ni bakteria, na wengi wao hupona vizuri wakiangaliwa. Virusi vya Ukimwi vina mlango wao, vinaweza kuingia ndani ya figo zenyewe, na dawa za ARV ndizo kinga. Halafu kuna jambo moja ambalo daktari alimuuliza mpwa wangu kabla ya yote, akaona haya kujibu: je, unajipaka mkorogo? Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha habari za wagonjwa 60 watu wazima waliofura kwa ugonjwa wa figo, na zaidi ya nusu, asilimia 53, walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki pia huchokoza kinga ikageukia chujio. Miaka hamsini na zaidi imepita na vikopo bado viko madukani kwetu, na bado tunawasifu maharusi kwa weupe. Hilo nitaliandikia siku yake.

Ninalotaka lifike nyumbani ni dogo. Homa ikiisha na mtu asirudi katika hali yake kwa wiki mbili tatu, akawa anaamka kope zimefura, au mkojo una povu lisilokwisha, au umegeuka rangi, au viungo vinauma na vipele vya usoni vinazidi juani, aombe kipimo cha mkojo cha kijiti na apimwe presha. Kijiti hicho kipo hata zahanati, nacho ni miongoni mwa vipimo vya bei ya chini kabisa. Kikionyesha protini au damu, lifuatwe, lisiachwe. Wakati huo huo aache kujinunulia tembe za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, maana zinazipiga figo zilizokwisha kuumia. Mpwa wangu alikuwa akizimeza kila siku kwa wiki saba kwa ajili ya vidole.

Alichelewa, lakini hakuchelewa kabisa. Wengine hugundua wakati figo zimeshazima, na maisha yao yote yakawa ya kwenda kulala kwenye mashine mara mbili au tatu kwa wiki, muda wa saa nne kila mara. Yeye anatumia prednisoloni, hiyo iliyomfurisha mashavu, na inapunguzwa taratibu, haiachwi ghafla. Anatumia haidroksiklorokwini na nyingine ya kutuliza kinga. Anavaa buibui lake na mkono mrefu, na jua la Kitengela kwa mara ya kwanza limempa sababu ya kusifiwa na mama mkwe. Ramadhani hii daktari amemwambia asifunge, na imamu wa mtaani kwao akamwambia vivyo hivyo, kwa hiyo amekwisha kupanga fidia yake.

Gumu zaidi lilikuwa jingine. Ameolewa mwaka wa pili sasa, na kila simu ya kutoka Mombasa inamalizikia kwa "je, hakuna habari?" Moja ya dawa zake humdhuru mtoto tumboni, na mimba ikiingia figo zikiwa bado zina moto, anaweza kupotea mama na mtoto pia. Daktari amesema asubiri hadi figo zitulie angalau miezi sita mfululizo, ndipo abadilishiwe dawa, ndipo wazungumze. Hakusema hapana. Mumewe, kijana wa viatu, aliandika hayo yote kwenye daftari la mauzo, na ukurasa wa nyuma akachora jedwali: tarehe, presha, protini. Amenunua kopo la vijiti, na kila Jumapili asubuhi anasimama dirishani kwenye mwanga, ananyanyua kijiti, anasoma rangi.

Nilipoondoka, jedwali lilikuwa na mistari kumi na moja. Mitatu ya mwisho protini imeshuka kutoka tatu hadi moja. Dada yangu nimemwonyesha picha yake kwenye simu. Aliitazama muda mrefu, akaniuliza kama ile moja ikiisha kabisa ndipo ile miezi sita inaanza kuhesabiwa. Nikamwambia sijui, nitamuuliza daktari. Kisha akaniuliza kama na yeye, mama yake, apimwe mkojo. Nikamwambia ndiyo, na mimi nitakwenda naye.